Baada ya "Amen" Ni Nini? Maaskofu, Mapasta na Deni la Kazi

Tarehe 14 Februari 2023, wakati wasee wengi jijini walikuwa wanasaka maua na keki za Valentine, uwanja wa Nyayo uligeuka kanisa. Watu walikuwa wamekuja kuomba mvua. Misimu mitano ilikuwa imepita bila mvua ya maana, mifugo imekufa kule Turkana, Marsabit, Samburu na Wajir, na mamilioni ya Wakenya walikuwa wanategemea chakula cha msaada. Rais William Ruto alikuwepo, viongozi wa makanisa walikuwepo, na maombi yakapanda.

Mvua ikakuja. Mwisho wa 2023 ilikuja na El Niño, na kuanzia Machi hadi Mei 2024 ikarudi ikiwa na hasira. Mathare, mto ulibeba nyumba za watu. Mai Mahiu, usiku wa kuamkia Aprili 29, maji yaliyokuwa yamezuiwa kwenye tuta la reli yalipasua njia yakafagia watu wakiwa usingizini. Nchi nzima, zaidi ya watu 200 walikufa msimu huo.

Kwa hivyo hakuna mtu anaweza kusema Mungu hakusikia. Mvua iliombwa, mvua ikapatikana. Kile hakikupatikana ni mitaro iliyozibuliwa, watu kuhamishwa mapema kutoka kingo za mito, na pahali pa kulala kwa wale ambao keja zao zilienda na maji. Hivyo vitu havishuki kutoka mbinguni. Vinahitaji mtu kuamka Jumatatu asubuhi, aende ofisi ya kaunti, akae kwenye benchi, na asitoke hadi apewe jibu.

Na hapo ndipo vijana wa hii nchi wanagongana na kanisa. Wazee wengi hudhani shida ni kwamba Gen Z hawana imani. Si ukweli. Jumapili ingia kanisa lolote Umoja, Pipeline ama Githurai uone ni nani anapiga ngoma, ni nani anashika kamera, ni nani anaimba mbele. Ni sisi. Swali letu ni moja tu na si la kukosa heshima: mtumishi, umeshaomba, sasa baada ya "Amen" ni nini?

Kuna wakati kanisa lilikuwa na miguu

Kama ulizaliwa baada ya 2000, pengine unajua askofu ni mtu wa kubariki gari la mheshimiwa. Lakini uliza mzazi wako kuhusu miaka ya Moi.

Mwaka wa 1986, serikali ya KANU ilipokuja na mpango wa kura ya mlolongo, ile ya kusimama nyuma ya mgombeaji kila mtu akikuona, viongozi wa makanisa chini ya NCCK walikuwa kati ya watu wachache waliothubutu kusema hapana hadharani. David Gitari wa Kianglikana alihubiri dhidi ya wizi wa kura hadi nyumba yake ikavamiwa usiku mwaka wa 1989. Henry Okullu alikuwa moto kule Maseno Kusini. Mchungaji Timothy Njoya wa PCEA alifungua mwaka wa 1990 na mahubiri ya kuuliza kwa nini Kenya iendelee kuwa ya chama kimoja, wakati watu wengi waliogopa hata kunong'oneza hilo swali kwenye matatu.

Halafu kuna Alexander Muge, askofu wa Eldoret. Agosti 1990, waziri mmoja wa serikali, Peter Okondo, alimwonya hadharani kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke akiwa hai. Muge alienda Busia. Akahubiri. Akiwa njiani kurudi, tarehe 14 Agosti, gari lake likagongana na lori na akafa. Okondo akajiuzulu uwaziri siku chache baadaye. Hadi leo watu wanaulizana.

Lakini kisa ambacho kinafaa kufundishwa kila chuo cha theolojia ni cha akina mama wa Freedom Corner. Februari 1992, mama za wafungwa wa kisiasa walikaa Uhuru Park wakifunga kula, Wangari Maathai akiwa nao, wakitaka watoto wao waachiliwe. Machi 3 polisi wakawavamia kwa rungu na vitoza machozi, na baadhi ya hao mama wakavua nguo kuwalaani. Wakakimbilia wapi? All Saints Cathedral, pale tu ng'ambo ya barabara. Kanisa likawafungulia chumba cha chini, na wakaishi hapo karibu mwaka mzima. Mwanzoni mwa 1993 wengi wa wafungwa wakaachiliwa.

Angalia vizuri kile kanisa lilifanya. Halikuchagua kati ya maombi na kazi. Ibada ziliendelea juu, na chini ya hiyo sakafu kulikuwa na akina mama wamelala, wanakula, wanaombewa, wanafichwa dhidi ya karao. Kufungua mlango ni kazi. Kununua sukuma na unga ni kazi. Kukubali kwamba serikali itakukasirikia ni kazi pia. Na ilikasirika kweli: Saba Saba ya 1997, polisi waliingia ndani ya hiyo hiyo cathedral wakapiga watu, Njoya akiwemo.

Miguu ikapotea njia

Sasa, usifikirie dawa ni kila askofu ashike kipaza sauti na kuingia siasa. Hapo pia tulishachomeka.

Wakati wa uchaguzi wa 2007, makanisa mengi yalikuwa na miguu kabisa, lakini kila moja ilikuwa inakimbia kuelekea kabila lake. Kulikuwa na mapasta waliotabiri mshindi kutoka madhabahuni. Kulikuwa na maombi ya kubariki wagombeaji, na kila upande ulikuwa na watumishi wake. Nchi ilipowaka, hakukuwa na mzee wa kanisa aliyebaki katikati ambaye pande zote mbili zingemsikiza. Januari 1, 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret, wengi wakiwa akina mama na watoto, walichomewa ndani. Zaidi ya watu 1,100 walikufa nchini katika zile wiki.

Februari 2008, NCCK ilitoka ikaomba Wakenya msamaha, ikakiri kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande. Ilichukua ujasiri kusema hivyo. Lakini fundisho lake wengi wamelisahau: kazi bila magoti inaweza kuwa hatari kama magoti bila kazi. Maombi, yakifanywa sawa, ndiyo hukupa nafasi ya kunyamaza na kujiuliza, "Hii ninayofanya ni ya Mungu ama ni ya huyu jamaa wa kabila langu?" Kiongozi ambaye hajiulizi hilo swali ni mhamasishaji wa kampeni aliyevaa kola.

Sh5 milioni za Kayole

Turudi kwa siku zetu. Juni 2024, Gen Z walipotoka barabarani kupinga Mswada wa Fedha, hasira haikuishia Bunge. Ilifika kanisani. Vijana walichoka kuona mwanasiasa akiingia Jumapili na bahasha, apewe kiti cha mbele, apewe kipaza sauti, atusi wapinzani wake mbele ya msalaba, kisha atoke huku kwaya ikimwimbia. Wakati huo huo watoto wa hao hao waumini walikuwa wanapigwa risasi mjini. Tume ya haki za binadamu, KNCHR, ilihesabu vifo visivyopungua 60 katika yale maandamano.

Julai 5, 2024, Ruto akatangaza kwamba maafisa wa serikali hawataruhusiwa tena kushiriki harambee. Ilikaa kama vijana wameshinda. Miezi minne na siku kadhaa baadaye, Novemba 17, Rais mwenyewe akaenda kanisa Katoliki la Soweto, pale Kayole. Akatoa Sh600,000 kwa kwaya na baraza la wamisionari la parokia, akatoa Sh2 milioni za kujenga nyumba ya padri, akaahidi Sh3 milioni zaidi na basi juu. Siku tatu tu kabla, maaskofu wa Katoliki walikuwa wameikosoa vikali serikali yake kwa mambo kama uongo, utekaji nyara na ushuru.

Kesho yake, Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, akatoa taarifa: pesa zirudishwe. Alisema kanisa halifai kutumiwa kwa siasa, na akataja mswada wa michango ya umma uliokuwa unaandaliwa. Mtandao ulilipuka. Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, vijana walisema neno zuri kuhusu askofu.

Lakini hapa nataka tufikirie zaidi ya kupiga makofi. Ile nyumba ya padri bado ilikuwa inahitajika. Kwaya bado ilikuwa inahitaji vyombo. Kayole si Karen. Waumini wa pale ni watu wa kibarua, mama wa mboga, vijana wa boda. Kusema hapana kwa Sh5 milioni kuna bei, na hiyo bei analipa muumini wa kawaida. Kwa hivyo askofu akishakataa chapaa, kazi yake ndiyo imeanza. Lazima aseme nyumba itajengwa aje, kwa muda gani, kwa mfuko upi, na hesabu zitasomwa wapi. La sivyo, baada ya miaka miwili mheshimiwa atarudi na bahasha kubwa zaidi, na watu watachukua kwa sababu wamechoka kungoja.

Na si makanisa yote yalifuata hiyo njia. Machi 2025 Ruto alienda Jesus Winner Ministry, Roysambu, akaahidi Sh20 milioni. Vijana waliandamana, polisi wakaja, na mjadala ukarudi pale pale. Kuna watu waliuliza, na si kwa ubaya, "Kwani shida iko wapi mtu akimtolea Mungu?" Shida ni hii: mkono uliopokea milioni 20 utaandika aje barua ya kuuliza kwa nini kijana wa hapo nje ametekwa nyara? Utaweza, labda. Lakini utatetemeka.

Shakahola: maombi yakikosa mtu wa kuuliza

Upande mwingine wa mizani kuna Shakahola, na hapa hakuna mzaha. Aprili 2023 ndipo makaburi ya kwanza yalianza kufukuliwa kwenye ule msitu wa Kilifi. Kufikia mwisho, miili zaidi ya 400. Watu walikuwa wameambiwa wafunge kula hadi wafe ili wakutane na Yesu. Paul Mackenzie, aliyekuwa kiongozi wa lile kanisa, alishtakiwa pamoja na wenzake, na wamekanusha mashtaka.

Kufunga na kuomba ni jambo la kale sana katika Ukristo. Shakahola haikutokea kwa sababu watu waliomba sana. Ilitokea pale ambapo maombi yaliwekwa badala ya kila kitu kingine: badala ya shule, badala ya hospitali, badala ya chakula, badala ya kuuliza maswali. Hakukuwa na kamati ya kumwita kiongozi kando na kumwambia, "Pasta, hapo umepotoka." Jopo la Rais lililoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi lilitoa ripoti 2024 likapendekeza mashirika ya dini yasimamiwe kwa sheria. Mapasta wengi walipinga, wakisema serikali inataka kuingilia ibada. Hofu hiyo ina msingi, hasa ukikumbuka 1997. Lakini kama kanisa halitaki serikali isimamie mapasta, basi kanisa lenyewe lijisimamie, na tuone.

Cha kushangaza ni kwamba makanisa ya Kenya yanajua hii mizani kitambo. Hospitali ya Kikuyu ya PCEA ilianza 1908. Kijabe ya AIC imekuwepo tangu 1915. Nenda Tenwek, Chogoria ama Mater. Hakuna muuguzi wa Kijabe anayechagua kati ya kuombea mgonjwa na kumwekea dripu. Anafanya vyote viwili, na mgonjwa haoni ubishi wowote hapo. Kwa hivyo pasta anayemwambia msichana wa miaka 19 mwenye msongo wa mawazo kwamba hiyo ni roho chafu tu, asiende kliniki, hawezi kusema anafuata mila za wazee wa imani. Wazee wa imani walijenga wodi.

Nehemia alikuwa na ramani

Kama unataka mfano kutoka ndani ya Biblia yenyewe, chukua Nehemia. Huyu jamaa alikuwa na kazi poa, kumhudumia mfalme wa Uajemi mvinyo. Akasikia kuta za Yerusalemu zimebomoka. Alilia, akafunga, akaomba kwa siku nyingi. Mapasta wengi huishia hapo wakihubiri.

Lakini endelea kusoma. Alipopata nafasi mbele ya mfalme, alikuwa tayari amepiga hesabu: akaomba ruhusa ya muda fulani, barua za kupita mipakani, na mbao kutoka msitu wa mfalme. Alipofika, hakuita mkutano mara moja. Alizunguka usiku na watu wachache akikagua kuta. Kila familia ikapewa kipande chake cha kujenga. Maadui walipotishia, waliomba na pia wakaweka walinzi mchana na usiku. Siku 52, kazi ikaisha.

Na kuna sura ambayo haihubiriwi sana kwenye harambee. Maskini walimlilia Nehemia kwamba matajiri wenzao wamewachukulia mashamba kwa sababu ya madeni. Akawaita hao matajiri hadharani akawaambia warudishe. Na yeye mwenyewe, kwa miaka 12 akiwa gavana, hakula posho ya gavana, kwa sababu watu walikuwa tayari wamelemewa. Unaona sasa kwa nini aliweza kuwaambia matajiri ukweli? Hakuwa amekula kwao.

Halafu kuna Matendo ya Mitume, sura ya 6. Wajane fulani walikuwa wanarukwa wakati wa kugawa chakula. Mitume hawakusema, "Tuwaombee hao wajane." Pia hawakuacha maombi wakaanza kupakua chakula wenyewe. Walisema watu wachague wasee saba wanaoaminika, wasimamie hiyo kazi, ili wao waendelee na maombi na neno. Hiyo ndiyo mizani. Si lazima pasta afanye kila kitu. Lakini ni lazima ahakikishe kuna mtu anafanya, na huyo mtu anajulikana kwa uaminifu, si kwa kuwa binamu yake.

Mtaani hii inakaa aje?

Unaweza kupima kiongozi wako wa kanisa bila kugombana na mtu. Maswali ni machache.

La kwanza, hesabu za sadaka zinasomwa? Si "tumebarikiwa mwezi huu", bali imeingia ngapi, imetoka ngapi, imebaki ngapi. Kanisa ambalo haliwezi kusomea waumini hesabu halina mdomo wa kuuliza serikali kuhusu ufisadi.

La pili, kijana wa kanisa akishikwa kwenye maandamano, ni nani anaenda kituoni? Kama kuna kikundi cha maombezi cha saa tisa usiku, kunafaa pia kuwa na namba ya wakili kwenye simu ya katibu.

La tatu, mwanasiasa akija, anakaa wapi? Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa kipaza sauti kule Butere, siku Rose Okeno anawekwa kuwa askofu. Waliketi, wakaabudu kama watu wengine, na hakuna aliyekufa. Inawezekana.

La nne, kanisa linajua nini kuhusu mtaa wake? Ni watoto wangapi hawajarudi shule kwa sababu ya karo? Mtaro gani umeziba? Nehemia alikagua ukuta kabla ya kuongea. Pasta wako amewahi kutembea hadi kule mwisho wa mtaa ambako gari lake haliingii?

Na sisi pia tusijitoe kwenye lawama. Ni rahisi kurusha maneno mtandaoni kwamba makanisa yameuzwa. Ni ngumu kukubali kuwa mweka hazina wa kikundi cha vijana, ukae na vitabu vya hesabu Jumamosi mchana wakati wenzako wako Thika Road wanakula raha. Kama tunataka kanisa lisilohitaji bahasha ya mheshimiwa, basi mia zetu na masaa yetu ndiyo yatajaza hilo pengo. Kanisa la Soweto pale Kayole litahitaji matofali.

Uchaguzi wa 2027 unakuja, na kutakuwa na maombi ya kitaifa, hilo usitie shaka. Viwanja vitajaa, watu watalia, viongozi watashikana mikono mbele ya kamera. Tuombe nao, hakuna ubaya. Lakini mapema, kabla ya huo msimu, maaskofu na mapasta wakubaliane mambo matatu waziwazi: hakuna kampeni madhabahuni, hakuna bahasha ambayo haiwezi kusomwa hadharani, na kila kanisa lifungue mlango kwa yeyote atakayekimbizwa, bila kuuliza kabila. Wakiweka sahihi kwenye hayo, wakiomba Mungu alinde nchi, tutajua wao pia wako zamu.